Kifusi Si Taka: Namna ya Kurejesha Zege na Tofali Kuukuu Katika Ujenzi

SOMO LA TOLEO HILI



Msimu wa mvua uliopita, mwandishi wa makala hii alifika katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa kufuatilia malalamiko ya mafuriko. Hakukuta mto uliofurika wala bwawa lililopasuka. Alikuta lundo la kifusi. Nyumba kuukuu ilikuwa imebomolewa ili kupisha nyumba mpya, na vipande vya zege, lipu na matofali vikasukumwa kwenye mtaro wa barabara. Mvua ilipokuja, maji yalikosa njia yake, yakageukia uani kwa jirani, mama mwenye watoto wanne, na kuloanisha magunia yake ya maharage aliyoyahifadhi kwa ajili ya mbegu na chakula. Maharage yaliota ndani ya magunia.

Jambo lililomshangaza zaidi mwandishi lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mwenye kiwanja alikuwa akishusha lori la mawe aliyoyanunua ili kujaza chini ya sakafu ya nyumba yake mpya. Alichokitupa mtaroni na alichokilipia fedha vilikuwa karibu kitu kimoja. Laiti angalijua, jirani asingepoteza mbegu, naye asingelipa gharama ya lori.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwenye nyumba, fundi, kamati ya ujenzi wa shule au zahanati, na kikundi cha vijana kinachotafuta shughuli halali ya kipato. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini saruji ina gharama kwa mfuko wa fedha na kwa hali ya hewa;
(b) kutofautisha kifusi kinachofaa kutumika tena na kile cha hatari;
(c) kuandaa kokoto na mchanga kutokana na kifusi, hatua kwa hatua;
(d) kutambua sehemu za jengo ambazo kifusi hakiruhusiwi kabisa kutumika.

1. SARUJI NA GHARAMA ZAKE MBILI

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi ndani ya tanuru lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selisiasi. Mawe yanapochomwa, hewa ukaa iliyofungwa ndani yake kwa mamilioni ya miaka huachiliwa angani. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uchafuzi wa kiwanda cha saruji: takriban asilimia 60 hutoka kwenye jiwe lenyewe, na asilimia 40 iliyobaki hutoka kwenye makaa, gesi au mafuta yanayowasha tanuru. Kwa hiyo hata kiwanda kikibadili nishati yake yote ikawa safi, bado jiwe litatoa hewa ukaa yake.

Duniani kote, viwanda vya saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kila tani moja ya saruji huambatana na takriban kilo 600 hadi 900 za hewa ukaa, kutegemea aina ya saruji na kiwanda. Tukiigawa hesabu hiyo kwa mfuko mmoja wa kilo 50, tunapata kilo 30 hadi 45. Mwananchi anayebeba mfuko begani hauoni mzigo huo wa pili, lakini mkulima wa ulezi na mahindi anauona mvua zinapochelewa au zinaponyesha zote kwa wiki moja.

Gharama ya pili tunaijua sote. Kiwanda cha saruji kilicho karibu nasi kiko Songwe, mkoani Mbeya. Mfuko hupita Tunduma na kupanda hadi Sumbawanga, safari ya takriban kilometa 300. Kwa wakazi wa bonde la Ziwa Rukwa, kama vile Muze, Mtowisa na Ilemba, mfuko huohuo hauna budi kuteremka tena ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Kila mlima na kila kona ya barabara huongeza shilingi katika bei. Kila mfuko tunaouokoa bila kudhoofisha jengo ni nafuu kwa familia na kwa mazingira.

Wapo watakaosema kwamba sisi Ufipa tunajenga kwa tofali la kuchoma, hivyo habari ya saruji hatuhusiani nayo sana. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tofali la kuchoma halina saruji, lakini lina kuni. Uwanda wetu ni wa nyasi. Miti yake ya asili ni michache, na kila tanuu la matofali huzidi kuipunguza. Mashimo ya udongo yanayoachwa wazi hujaa maji na kuwa hatari kwa watoto na mifugo. Tofali la kuchoma lililokwisha kutengenezwa ni mti uliokwisha kukatwa. Kulitupa ni kuukata mti huo mara ya pili.

2. WAZEE WETU WALIJUA

Kutumia tena kilichochakaa si elimu ngeni kwa Ufipa. Mkulima wa hapa, tangu enzi za mababu, hufukia nyasi ndani ya vilima vya udongo viitwavyo ntumba, zikaoza na kuwa mbolea, kisha hupanda juu yake na baadaye hutawanya udongo ule uliorutubika shambani. Mgeni anaona nyasi za kuchomwa moto, Mfipa anaona rutuba ya mwaka ujao.

Vivyo hivyo wahunzi wa Ufipa walijenga malungu, yaani matanuru marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, wakayeyusha mawe yenye chuma. Chuma cha kwanza kilichotoka hakikuwa tayari kwa jembe. Walikikusanya na kukitia motoni mara ya pili katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, ndipo kikafaa kufuliwa. Mabaki ya malungu yangali yakionekana katika baadhi ya maeneo ya uwanda wetu. Tunayakumbusha hapa kwa sababu, kama tutakavyoona, habari mpya kabisa ya sayansi ya saruji nayo inahusu tanuru la chuma na moto wa mara ya pili.

3. YALIYOTHIBITISHWA NCHINI TANZANIA

Je, zege kuukuu lililopondwa linaweza kuwa tofali jipya lenye nguvu ya kutosha? Swali hili limekwisha kufanyiwa utafiti nchini mwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa katika jarida la kisayansi la kimataifa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Sabai akishirikiana na wataalamu wengine kutoka Tanzania na Uholanzi. Watafiti hao walikusanya sampuli 8 za kifusi kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji, wakaziponda, wakazichekecha, kisha wakafyatua matofali ya zege kwa mashine ya mkono. Hawakuchanganya kokoto mpya hata kidogo. Kokoto zote, kubwa na ndogo, zilitoka kwenye kifusi. Matofali yakakomazwa kwa maji na kupimwa baada ya siku 28.

Matokeo yalikuwa na pande mbili, nasi hatuna budi kuzisema zote.

Upande wa kwanza: matofali ya kifusi yalikuwa dhaifu kuliko yale ya kokoto za asili. Sababu ni kwamba kipande cha zege kuukuu hubeba mabaki ya saruji ya zamani yaliyoshikamana na jiwe. Mabaki hayo yana vitundu vidogo, hunyonya maji mengi na huvunjika kwa urahisi kuliko jiwe lenyewe.

Upande wa pili: pamoja na udhaifu huo, asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikia nguvu ya mgandamizo ya niutoni 7 kwa kila milimita moja ya mraba, kiwango ambacho watafiti walikitaja kuwa cha chini kinachotakiwa nchini kwa tofali la kubeba mzigo. Ili kuelewa kiwango hicho, tazama ukucha wa kidole chako kidogo, ambao una ukubwa wa takriban sentimita moja ya mraba. Niutoni 7 kwa milimita ya mraba ni sawa na kuweka uzito wa takriban kilo 70, yaani mtu mzima mmoja, juu ya kila eneo la ukubwa huo, na tofali lisipasuke.

Funzo tunalolipata ni kwamba kifusi kinaweza kuwa tofali. Lakini asilimia 15 ya matofali hayakufaulu, na kwa macho huwezi kulitambua lililofaulu na lililoshindwa. Kwa sababu hiyo somo hili linasisitiza uchambuzi, upimaji, na kuchagua mahali pa kutumia.

4. SARUJI KUUKUU KUWA SARUJI MPYA

Utafiti tuliouona unageuza kifusi kuwa kokoto, lakini tofali bado linahitaji saruji mpya ya kuzishika kokoto hizo. Je, saruji yenyewe iliyokwisha kuganda inaweza kurudi kuwa saruji?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakiwamo Cyrille Dunant na Julian Allwood, walichapisha jibu lao mwezi Mei 2024. Viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu kwa umeme hutia chokaa ndani ya tanuru ili kusafisha chuma. Chokaa hiyo huelea juu na kuondolewa kama takataka za tanuru. Watafiti hao waliweka unga wa saruji kuukuu, uliotenganishwa na mchanga na mawe yake, mahali pa chokaa. Saruji hiyo ilikwisha kupoteza hewa ukaa ya jiwe ilipochomwa mara ya kwanza, kwa hiyo haina tena hewa hiyo ya kutoa. Ilipoyeyuka juu ya chuma, ikapoozwa kwa haraka na kusagwa, ikawa saruji inayoweza kuganda upya. Majaribio yaliendelea katika tanuru la taasisi moja ya utafiti mjini Middlesbrough. Endapo umeme wa tanuru utatoka kwenye maji, jua au upepo, saruji ya namna hiyo itakuwa na uchafuzi mdogo sana.

Kwa mara nyingine, basi, moto wa pili wa chuma unakifaa kilichodhaniwa kimekwisha kazi. Hata hivyo, mwananchi aelewe vyema: jambo hilo hufanyika katika joto linalozidi nyuzi 1,600, ndani ya kiwanda. Haliwezekani nyumbani. Unga wa zege lililopondwa kwa nyundo si saruji. Ukiutia maji hautashika kitu. Ni mchanga tu. Fundi yeyote atakayekushawishi kupunguza mifuko ya saruji kwa kuwa umetia unga wa kifusi anakuhatarisha.

5. MFUKO ULIOGANDA STOO

Hapa panahitaji onyo la pekee, kwa maana neno saruji kuukuu lina maana ya pili katika kata zetu: mfuko uliokaa stoo msimu mzima wa mvua ukaganda.

Mzee mmoja wa bondeni alimsimulia mwandishi kwamba alikuwa na mifuko miwili ya namna hiyo. Akaiponda kwa mchi, akaichekecha kwa chandarua, na unga uliopatikana akautumia kumwaga zege la kufunika shimo la choo. Zege lilionekana zuri, likang'aa. Haukupita muda mrefu likakatika katikati, na mbuzi akatumbukia. Mzee alieleza kwamba asubuhi hiyohiyo wajukuu wake watatu walikuwa wamekitumia choo hicho. Hakusema zaidi, wala haikuhitajika.

Saruji huanza kufa inapokutana na unyevu, hata ule wa hewani. Fuata kanuni hii:

– Mabonge yanayosagika kwa kubonyezwa kwa vidole: chekecha, na utumie kwa kazi zisizobeba mzigo, kama vile kuziba panya au sakafu ya banda la kuku.
– Mabonge magumu yasiyosagika kwa vidole: hiyo si saruji tena. Iweke pamoja na kifusi kingine na uiponde kuwa kokoto.
– Kinga: hifadhi mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe kwa nailoni, na ununue kiasi utakachotumia ndani ya wiki chache. Mfuko uliokaa kwa miezi mitatu umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake hata kama haujaganda.

6. HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: Bomoa kwa utaratibu. Anza na paa, kisha milango na madirisha, kisha kuta kutoka juu kwenda chini. Ukuta ulioangushwa kwa mkupuo mmoja huchanganya kila kitu na huweza kuua. Tofali la kuchoma lililojengwa kwa udongo hutoka zima kwa urahisi. Lisafishe, ulipange, ulitumie tena kama tofali. Hakuna urejeshaji ulio bora kuliko huo, kwa maana hauhitaji moto, nyundo wala saruji ya ziada.

Hatua ya pili: Tenganisha. Weka mafungu yafuatayo mbalimbali:

– matofali mazima;
– vipande vya zege na matofali ya saruji;
– vipande vya matofali ya kuchoma;
– lipu na udongo;
– nondo, mabati na mbao, ambavyo vina wanunuzi wake;
– vitu vya hatari.

Katika vitu vya hatari, vya kwanza ni mabati ya asbesto, yale ya kijivu yaliyo mazito kama saruji, yaliyoezekea baadhi ya majengo ya zamani. Usiyavunje, usiyakate, usiyaponde. Nyuzi zake huingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Ukiyakuta, acha kazi na utoe taarifa kwa Afisa Mazingira au Afisa Afya. Vilevile weka kando kioo, betri, na vipande vyenye mafuta au rangi nyingi.

Hatua ya tatu: Ponda. Lowesha kifusi kwanza ili kupunguza vumbi. Vumbi la zege lina chembe za mchanga laini zinazoharibu mapafu kidogokidogo bila maumivu ya mwanzo. Mpondaji avae barakoa, miwani, glavu na viatu vilivyofunika vidole. Watoto wasipewe kazi hii, hata wakati wa likizo.

Hatua ya nne: Chekecha. Tumia chekeche mbili za waya: yenye matundu ya milimita 20 na yenye matundu ya milimita 5. Kinachobaki juu ya chekeche ya kwanza kirudishwe kwenye nyundo. Kinachobaki kati ya chekeche hizo mbili ni kokoto. Kinachopita chekeche ya pili ni mchanga wa kifusi.

Hatua ya tano: Lowesha kokoto. Kwa kuwa zina vitundu, kokoto za kifusi zikitiwa kavu kwenye mchanganyiko hunyonya maji yaliyokusudiwa kwa saruji. Fundi huona mchanganyiko umekauka, akaongeza maji, na maji yakizidi zege hudhoofika. Mwagilia kokoto siku moja kabla, kisha uziache zichuje hadi ziwe na unyevu bila kutiririka.

Hatua ya sita: Changanya kwa kipimo. Tumia ndoo, usikisie kwa koleo. Kwa anayeanza, njia ya tahadhari ni kutia ndoo moja ya kokoto za kifusi kwa kila ndoo tatu za kokoto mpya. Miongozo ya nchi nyingi zilizotangulia katika jambo hili kwa kawaida huishia kwenye asilimia 20 hadi 30 kwa zege la kazi nzito. Usipunguze saruji. Soma namba iliyo kwenye mfuko: 32.5 inafaa kwa lipu, kujengea na matofali, 42.5 ni kwa zege linalobeba mzigo.

Hatua ya saba: Komaza. Mwagilia matofali kwa siku zisizopungua 7, na usiyajengee mzigo kabla ya siku 28. Hapa uwandani, miezi ya Juni hadi Agosti ina baridi na upepo mkavu. Baridi huchelewesha saruji kushika, na upepo huinyang'anya maji. Funika matofali kwa nyasi mbichi au magunia yaliyoloweshwa.

Hatua ya nane: Jaribu. Angusha tofali lililokomaa kutoka kimo cha kiuno kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika, fungu zima lisijengewe ukuta. Jaribio hili ni la kuchuja tu, halichukui nafasi ya maabara. Kwa jengo la umma, ni lazima mhandisi aagize matofali yapimwe.

7. WAPI PATUMIKE, WAPI PASITUMIKE

Kifusi kinafaa kujaza chini ya sakafu, kujaza mashimo ya njia za waenda kwa miguu na uani, kutengeneza matofali ya kupanga njia, kuta za uzio, mabanda ya mifugo, na, baada ya kupimwa, matofali ya kuta za nyumba ya chini. Mchanga wa kifusi unafaa pia kupunguza mnato wa udongo wa mfinyanzi katika matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, ambayo yamehimizwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hapo tunaokoa kuni na mchanga kwa pamoja.

Kifusi kisitumike kwenye nguzo, linta, mihimili, ngazi, zege la ghorofa, tangi la maji wala mfuniko wa shimo la choo.

Katazo hili lina sababu ya pekee kwetu. Tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Wakati huo nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Leo madarasa yetu ni ya tofali na zege, na ndani yake wameketi watoto. Linta na nguzo ndizo zinazoishikilia nyumba isiwaangukie. Mahali hapo hapana nafasi ya kubahatisha.

8. HESABU NDOGO YA NYUMBANI

Tuchukue chumba cha meta 4 kwa 4, chenye kuta za kimo cha meta 2.7 na unene wa sentimita 15. Mzunguko wa kuta ni meta 16, hivyo eneo lake ni meta za mraba 43.2. Ondoa mlango mmoja na madirisha mawili, takriban meta za mraba 5, zinabaki 38. Zidisha kwa unene, unapata meta za ujazo 5.7. Uzito wake ni takriban tani 11.

Sasa chukua nyumba mpya. Kujaza chini ya sakafu ya chumba cha ukubwa uleule kwa kina cha sentimita 15 kunahitaji meta za ujazo 2.4. Kwa hiyo kuta za chumba kimoja kilichobomolewa zinatosha kujaza sakafu za vyumba viwili vipya na kubakiza. Tani 11 hizo usipozitumia, utalipa kuzisomba, kisha utalipa tena kuleta nyingine za aina ileile.

9. WAJIBU NA FURSA

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Lakini Halmashauri haiwezi kusimama kwenye kila mtaro. Kabla ya kubomoa, pita ofisi ya kijiji au kata, ueleze utakachobomoa na mahali kifusi kitakapokwenda. Kamati za ujenzi wa madarasa na zahanati nazo ziandike katika mpango kazi wao fungu la kifusi: kipo kiasi gani, kitatumika wapi, nani atakilinda. Jirani akihitaji, mpe. Kinachokusumbua wewe huenda ndicho anachokitafuta yeye.

Kwa vikundi, hii ni kazi yenye mtaji mdogo: nyundo, chekeche, ndoo, toroli na vifaa vya kinga. Kikundi kikikua, SIDO inaweza kushauri kuhusu mashine. Aidha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa chenye andiko linaloonyesha wateja wake na namna ya kurejesha mkopo kionane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza kwamba, ikibidi kujenga ukuta mpya, basi ule wa zamani usiuache mtaroni. Yule mama mwenye magunia ya maharage alinunua mbegu upya kwa fedha za ada ya shule. Kifusi kilichomfikisha hapo kingetosha kujaza sakafu ya jirani yake, na pengine sehemu ya sakafu yake mwenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja katika familia, kikundi au mkutano wa kitongoji, kisha mjibu:

1. Kwa nini kiwanda cha saruji hutoa hewa ukaa hata kikitumia nishati safi?
2. Katika utafiti wa Tanzania, ni asilimia ngapi ya matofali ya kifusi yalifikia kiwango, na kwa nini hilo halituruhusu kuyatumia bila kuyapima?
3. Unga wa zege lililopondwa una tofauti gani na saruji?
4. Kwa nini kokoto za kifusi huloweshwa kabla ya kuchanganywa?
5. Taja sehemu nne za jengo ambazo kifusi hakitakiwi, na ueleze sababu inayohusu hasa eneo letu.
6. Zungukeni kitongoji chenu. Kuna malundo mangapi ya kifusi, yako ya nani, na lipi limeziba njia ya maji? Pelekeni orodha kwa Mwenyekiti wa Kitongoji kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Swali la sita ndilo lenye alama nyingi zaidi.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri kwa ajili ya elimu kwa umma.